Mshitakiwa Ni Laius

Yako maneno, msomaji, ambayo mtu akiisha kuyatamka hudhani kuwa amekwisha kufikiri. Kila zama zina maneno yao ya namna hiyo, na zama zetu zimeyapata katika elimu ya nafsi, ile ambayo vitabu vya sasa huiita saikolojia. Mpe mwanafunzi wa sekondari aliyeonja kurasa chache za elimu hiyo hadithi ya Oedipus, mfalme wa Thebes katika Uyunani ya kale, umwambie aeleze tabia za watu waliomo. Ataandika kwamba Oedipus alikuwa na fundo la Oedipus, atapiga mstari chini ya jibu lake, na ataweka kalamu. Pengine mwalimu atampa alama zote. Jibu hilo halina tofauti na kusema kuwa bahari ina chumvi kwa sababu ni ya chumvi. Jina limetajwa mara mbili, na hakuna aliyejua zaidi ya alivyojua jana.

Mimi nalipinga jibu hilo, wala silipingi kwa kuzipenda hadithi za kale tu. Nalipinga kwa kuwa mkono uliozoea kumbandika jina mtu wa hadithini hauchelewi kumbandika jina mtoto aliyeketi katika dawati la mbele. Naandika haya Muhuru Bay, katika Nyatike, pembe ya kaunti ya Migori ambako Kenya inakoma na Tanzania inaanza, na Ziwa Victoria liko mbele ya kila mlango. Hapa watoto wengi huamka alfajiri, wakati mitumbwi ya omena inaporudi mwaloni na taa zake, na kabla hawajavaa sare za shule wamekwisha kusikia utabiri wa maisha yao: "Huyu ni mtoto wa ziwa, kitabu hakimtaki." Neno hilo ni dogo, na wasemao hulisema kwa kicheko. Walakini insha hii yote ni juu ya neno hilo, na juu ya mfalme wa Uyunani aliyemhukumu mwanawe kwa neno kama hilo kabla mtoto hajajua kuketi.

Kwanza tuikumbuke hadithi, maana wengi huitolea hukumu kabla ya kuisikia. Mtunzi Sophocles wa Athens aliifanya mchezo wa kuigizwa katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Laius, mfalme wa Thebes, aliletewa uaguzi kutoka Delphi kwamba mwana atakayezaa na mkewe Jocasta ndiye atakayemwua. Mtoto akazaliwa, naye alikuwa wa kiume. Hata siku tatu hazijatimia, miguu yake ilitobolewa na kufungwa pamoja, akatolewa ili atupwe katika mlima Cithaeron afe. Mchungaji aliyepewa kazi hiyo alimwonea huruma, akampa mchungaji mwenziwe wa Korintho, naye akampeleka kwa mfalme wake Polybus na malkia Merope, ambao hawakuwa na mtoto. Wakamlea kama mwana wao. Jina lake, Oedipus, maana yake ni mwenye miguu iliyovimba.

Simama hapa kidogo, msomaji. Wajaluo wa ziwa hili humpa mtoto jina la wakati aliozaliwa: Otieno ni wa usiku, Okoth ni wa mvua, wala hakuna asemaye kuwa Otieno ni mtu wa giza. Oedipus alipewa jina la jeraha, na jeraha lenyewe alitiwa na wazazi wake. Alichukua siku zote, ndani ya jina lake, ushahidi wa kosa la watu wengine. Na dunia ikausoma ushahidi huo kana kwamba kosa ni lake.

Hadithi yaendelea. Siku moja karamuni, mlevi mmoja alimwambia Oedipus kuwa yeye si mwana halisi wa babaye. Kijana akafadhaika, akaenda Delphi kuuliza asili yake. Swali lake halikujibiwa. Badala yake aliambiwa kwamba atamwua babaye na kumwoa mamaye. Kwa hofu asije akawadhuru Polybus na Merope, hakurudi tena Korintho. Njiani, mahali zinapokutana barabara tatu, alikutana na mzee aliyepanda gari la farasi. Watu wa mzee wakamsukuma nje ya njia, na mzee mwenyewe akampiga kichwani kwa fimbo ya kuswagia. Oedipus akampiga mzee akafa, akawaua na wafuasi wake, isipokuwa mmoja aliyekimbia. Mzee yule alikuwa Laius. Baadaye Oedipus alifumbua kitendawili cha Sphinx, dubwana lililoutesa mji wa Thebes, na kwa zawadi akapewa ufalme na mjane wa mfalme. Miaka ikapita, tauni ikaingia mjini, na katika kumtafuta mwuaji wa Laius mfalme alijigundua mwenyewe. Jocasta akajinyonga. Oedipus akajitoboa macho.

Sasa tumsikilize Sigmund Freud, daktari wa Vienna. Katika kitabu chake juu ya tafsiri ya ndoto, kilichotiwa mwaka wa 1900, alisema kuwa hadithi hii hutuchoma moyo kwa sababu ni siri yetu sote: kwamba mtoto wa kiume humtaka mamaye kuwa wake peke yake, na humwonea babaye wivu. Sitaki kumdharau Freud. Alitufundisha kwamba mtu hajijui nafsi yake yote, na kwamba utoto hauondoki moyoni siku mtu anapoota ndevu. Hayo ni mafunzo makubwa. Lakini tuyapime maneno yake kwa hadithi aliyoichagua mwenyewe. Oedipus hakumjua Jocasta kuwa mamaye. Mama aliyemjua na kumpenda alikuwa Merope, na alipoambiwa kuwa atamkosea, alikimbia nchi nzima ili asimkaribie. Ikiwa kuna mtu katika hadithi asiyekuwa na fundo hilo, basi ni yeye. Hoja hii imekwisha kutolewa na Mfaransa Jean-Pierre Vernant, bingwa wa mambo ya Wayunani wa kale, mwaka 1967, nami naona haijapata jibu la kutosha.

Liko na jambo kubwa zaidi. Freud alitwaa katika hadithi tamaa ya mwana, na akaacha kitendo cha baba. Kabla Oedipus hajatamani kitu chochote, wala kuchukia mtu yeyote, miguu yake ilikuwa imekwisha kutobolewa. Mwaka 1953 George Devereux, mtaalamu wa nafsi na wa desturi za mataifa, aliandika makala kuuliza kwa nini Oedipus alimwua Laius, na akaelekeza macho kwa baba. Mimi nakwenda njia hiyo hiyo, nami nasema wazi: katika kesi hii mtoto ameshitakiwa kwa zaidi ya miaka mia moja, ilhali mshitakiwa halisi ni Laius. Na elimu ya nafsi yenyewe, ikitumiwa kama taa badala ya kutumiwa kama muhuri, ndiyo itakayotupa ushahidi.

Tuanze na mahali pa barabara tatu. Msomaji wa haraka huuliza: ni tabia gani hii ya kuua watu njiani? Hujibu: ni hasira, Oedipus alizaliwa mkali. Wataalamu wa nafsi wameligundua kosa katika jibu la namna hiyo. Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris, huko Marekani, waliwapa watu insha zilizomsifu au kumpinga Fidel Castro wa Kuba, wakawaambia kuwa waandishi wengine hawakuchagua upande wao bali waliamriwa. Hata hivyo wasomaji waliendelea kudhani kwamba mwandishi aliyeamriwa kumsifu Castro alimpenda kwa kweli. Mwaka 1977 Lee Ross aliliita jambo hili kosa la msingi: tukiona tendo la mtu mwingine, huona tabia yake upesi, na hatuoni hali iliyomzunguka. Yetu tuyatendayo twayaeleza kwa hali; ya wenzetu twayaeleza kwa tabia. Mimi nikichelewa, mvua ilinizuia. Wewe ukichelewa, u mvivu.

Itazame basi hali ya kijana yule. Ametoka kuambiwa jambo la kutisha kuliko yote. Amekimbia nyumba ya pekee aliyoijua. Hajui aendako. Anasukumwa nje ya njia na kupigwa kichwani na mtu asiyemjua, mwenye wafuasi. Simsafishi damu aliyoimwaga, kwani wengi hupigwa njiani wasiue. Nasema tu kwamba anayeandika "Oedipus alikuwa mkali" na kuishia hapo ameona mkono wa pili ukipiga, hakuuona wa kwanza.

Kosa hilo haliishi Thebes. Nimewahi kuishika ripoti ya mwanafunzi wa miaka 13, ya shule nisiyoitaja, ambayo mahali pa maoni ya mwalimu paliandikwa maneno manne: "Arudi ziwani na babaye." Sababu ilikuwa kwamba mtoto huyo alichelewa karibu kila siku, na alisinzia. Nilimwendea mamaye mwaloni, akianika omena juu ya nyavu kuukuu, nikamwuliza juu ya uvivu wa mwanawe. Hakukasirika. Aliniambia, "Mwalimu, mtoto huyu huamka saa kumi usiku kupokea mitumbwi. Asipopokea, hapati sare wala chakula cha mchana. Hakuna aliyemwuliza." Niliona haya, kwa maana hata swali langu lilikuwa limekwisha kumhukumu. Nilikwenda kuuliza juu ya uvivu, na nikajibiwa juu ya kazi.

Shahidi wa pili ni Robert Merton, mtaalamu wa Kimarekani wa elimu ya jamii, aliyetupa mwaka 1948 fikira ya utabiri unaojitimiza. Mfano wake ulikuwa benki. Benki ni nzima na fedha zake ziko salama. Uvumi unatokea kwamba itaanguka. Watu wanauamini, wanakimbilia kutoa fedha zao siku moja, na benki inaanguka kweli. Kisha mvumishaji husema: Sikuwaambia? Uwongo ulioaminiwa umejitengenezea ukweli wake. Sasa mwangalie Laius. Aliogopa kwamba mwanawe atamwua. Kwa hofu hiyo akamtupa. Kwa kuwa alimtupa, mtoto alikua bila kumjua babaye. Na kwa kuwa hakumjua babaye, aliweza kukutana naye njiani kama mgeni na kumwua. Ondoa tendo la Laius, na njia iliyotufikisha barabara tatu haipo tena. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya Laius, akila katika sahani moja naye, angemtambua mzee yule garini, na angempisha kwa heshima.

Najua nitapingwa hapa. Mwenye imani na majaaliwa atasema: uaguzi ulikuwa wa kweli tangu mwanzo; liandikwalo haliepukiki; Laius angemlea mwanawe, bado angeuawa kwa namna nyingine. Yawezekana, kwa kuwa hadithi ni ya Wayunani, nao walikuwa na miungu yao. Lakini hadithi haikutuonyesha mungu akishika kisu. Kila hatua ya utabiri ule ilikwenda kwa miguu ya watu: mikono ya watu iliutoboa mguu wa mtoto, kinywa cha mlevi kilimtia shaka, kilevi chake kikamfikisha Delphi, fimbo ya mzee ikaanza ugomvi. Asemaye "ilikuwa imeandikwa" hana budi kuulizwa aliyeshika kalamu ni nani. Mtoto wa ripoti ile, muhula uliofuata, hakuulizwa swali hata moja darasani. Alipokosa jibu la hesabu, walisema, "Tulijua." Alipopata jibu, walisema amenakili. Kabla ya mwisho wa mwaka aliacha shule akaenda kuvuta nyavu, na mwandishi wa maneno manne akasema mbele yangu: "Sikusema?" Naam, alisema. Na kusema kwake ndiko kulikofanya kazi.

Wako waliolipima jambo hili kwa hesabu. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walitoa kitabu juu ya shule moja ya msingi ya California. Waliwapa watoto mtihani wa akili, kisha wakawaambia walimu kwamba watoto fulani, kama mmoja katika kila watano, watachanua mwaka huo. Majina hayo hayakutokana na mtihani. Yalichaguliwa kama kura. Mwisho wa mwaka, katika madarasa mawili ya chini kabisa, watoto waliotabiriwa mema walikuwa wameongezeka kuliko wenzao. Wataalamu wengine waliushambulia uchunguzi huo, na kazi nyingi za baadaye zimeonyesha kwamba nguvu ya utabiri wa mwalimu kwa watoto wengi ni ndogo. Lakini ipo, na kwa watoto wa jamii zinazodharauliwa huweza kuwa kubwa zaidi. Nami nauliza: ni nani anayedharauliwa katika shule za ziwani kuliko mtoto anayenuka omena? Kitabu chao walikipa jina la Pygmalion, mchongaji katika hadithi nyingine ya kale, aliyeipenda sanamu yake mpaka ikapewa uhai. Tafakari tofauti ya watu hawa wawili, msomaji. Pygmalion aliitazamia sanamu kuwa mtu, ikawa mtu. Laius alimtazamia mtoto kuwa mwuaji, akawa mwuaji.

Shahidi wa tatu anatoka ng'ambo ya ziwa hili hili. Katikati ya miaka ya 1950, Mary Ainsworth alikaa Uganda, akazizuru nyumba za vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama akina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga. Matokeo aliyachapisha mwaka 1967. Hakuanza kwa kuuliza mtoto gani ni mwema na yupi ni mbaya. Alitazama kiungo baina ya mtoto na mlezi: mtoto akilia, ni nani anayemjibu, na kwa upesi gani? Aliona kwamba mtoto mwenye mlezi anayezitambua haja zake humfanya mlezi huyo kuwa kituo cha salama, akatoka hapo kwenda kuijua dunia, akarudi anapoogopa. Elimu hii, iliyokusanywa katika nchi ya jirani zetu, inatusomea upya sura ya Korintho. Kwa nini Oedipus aliikimbia Korintho? Kwa sababu Polybus na Merope walimpenda, naye aliwapenda, na aliona heri apoteze kila kitu kuliko kuwadhuru. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wema wa Oedipus ulitoka kwa waliomwokota. Balaa lake lilitoka kwa waliomtupa.

Tena, hapa hapa Muhuru elimu ya nafsi imewahi kufika kwa sura njema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, pamoja na wenzao wa Kenya, walishirikiana na makanisa na familia za mahali hapa ili kuwalinda vijana na ukimwi. Na katika taarifa iliyotolewa mwaka 2016 walieleza kwamba mazungumzo baina ya wazazi na watoto yalizidi kuwa mema. Angalia walivyofanya. Hawakumchukua kijana peke yake kumpima kasoro. Walimketisha pamoja na mzazi wake, wakawafundisha wote wawili kusema na kusikilizana. Laius angefanya hivyo, hadithi ya Sophocles isingekuwapo.

Je, nasema basi kwamba Oedipus hana kosa lolote? La. Kosa analo, lakini si lile linaloandikwa katika daftari. Alipokuwa mfalme, nabii kipofu Tiresias aliitwa kumtaja mwuaji. Tiresias alisita, na alipolazimishwa akasema: mwuaji ni wewe. Oedipus hakupima neno hilo. Alimtukana mzee kwa upofu wake, akamwita mdanganyifu, akamshitaki shemeji yake Creon kwamba wamekula njama kumpokonya ufalme. Mwaka 1936 Anna Freud, binti yake Sigmund, alizipanga katika kitabu ngao ambazo nafsi hujikinga nazo na ukweli unaouma: kukana, na kumtwika mwingine kile tusichotaka kukiona ndani yetu. Ngao hizo mbili Oedipus alizishika siku hiyo. Wahenga wetu walilijua hilo zamani waliposema nyani haoni kundule. Basi tazama: mtu aliyeharibiwa na hukumu ya haraka, akipewa kiti cha enzi, naye hutoa hukumu ya haraka. Tabia ya Laius ilikuwa imerithiwa, tena bila kufundishwa.

Hata hivyo hapo ndipo Oedipus anapompita babaye. Jocasta alipoutambua ukweli, alimsihi asiulize zaidi. Yeye aliendelea kuuliza, akijua kwamba jibu laweza kumwangamiza. Laius aliposikia neno la kutisha, alitafuta njia ya kulizika. Mwanawe aliposikia la kutisha zaidi, alilifuata mpaka mwisho wake. Hiyo ndiyo sifa ambayo kijana wa sekondari angepaswa kuiona, na ndiyo ambayo jina la fundo humficha asiione.

Usidhani, msomaji, kwamba mambo haya ni ya Wayunani pekee. Kaskazini ya Muhuru Bay, ukiisha kupita Karungu, iko nchi ya Gwassi, na huko ufukoni husimuliwa habari za Nyamgondho mwana wa Ombare. Wasimuliaji hutofautiana katika madogo, lakini kiini ni kimoja. Nyamgondho alikuwa mvuvi maskini. Siku moja alivua, badala ya samaki, mwanamke mzee. Akampeleka nyumbani, na pamoja naye ukaja utajiri wa ng'ombe ambao hakupata kuuota. Utajiri ukaleta ulevi, na ulevi ukaleta kiburi. Usiku mmoja, amelewa, alimtukana mwanamke yule kwa asili yake: kwamba yeye ni kitu kilichookotwa ziwani tu. Mwanamke akaondoka, akarudi majini, na mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho alisimama ufukoni, ameegemea fimbo yake, akitazama mpaka akageuka mti.

Mwanafunzi wa majina ya haraka ataandika kwamba Nyamgondho alikuwa mlevi, na atakuwa amesema kweli isiyofundisha. Mimi namwambia atazame tusi lenyewe. Nyamgondho hakulaumu tendo la mwanamke. Alilaumu mahali alikotoka. Mema yote aliyotendewa aliyafuta kwa neno moja la asili: wewe ni wa ziwani. Na je, neno hilo hatujalisikia? Ni lile lile linalotupiwa watoto wetu asubuhi mwaloni. Nyamgondho hakutabiriwa na mtu, wala hakutupwa na babaye. Kosa lake alilitunga kwa kinywa chake. Ndiyo maana sisemi kwamba elimu ya nafsi hufuta hatia. Huihamisha tu kutoka mahali tulipoizoea na kuipeleka mahali pake.

Walimu wenzangu watanijibu kwamba mtoto hana budi kuambiwa ukweli ili ajirekebishe, na kwamba sifa za bure humharibu. Nakubali, mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini ukweli na utabiri si ndugu. "Umekosa hesabu sita katika kumi, keti nikuonyeshe" ni ukweli, nao una mlango wa kutokea. "Huna kichwa cha hesabu" ni utabiri, nao ni ukuta. La kwanza lahusu tendo la jana. La pili lahukumu miaka yote ijayo. Mwalimu mkali aweza kuishi maisha yake yote katika la kwanza bila kugusa la pili, na wanafunzi wake watamwogopa na kumshukuru.

Nanyi wanafunzi, msidhani ninawatetea tu. Ninyi pia mmekwisha kujifunza kuwaita wenzenu wagonjwa wa hili na la lile, kwa maneno mliyoyaokota kitabuni. Mkisikia jina la elimu ya nafsi, lifanyeni kuwa swali. Mkiambiwa "hasira", ulizeni: nani alipiga kwanza? Mkiambiwa "mvivu", ulizeni: aliamka saa ngapi? Mkiambiwa "amelaaniwa", ulizeni: ni nani aliyesema hivyo, na alifanya nini baada ya kusema? Kisha mrudieni Oedipus, mwandike insha mpya.

Mtoto wa ripoti ile sasa ni kijana wa mitumbwi. Humwona mara kwa mara akirudi alfajiri, na mikono yake imekatwakatwa na kamba. Kazi yake ni ya heshima, nami sisemi kwamba ziwa ni adhabu. Wengi waliosoma wamesomeshwa na ziwa hili. Nasema tu kwamba hakulichagua. Juzi alinisalimu, akaniomba kitabu chochote cha hesabu nisichokihitaji. Nilimpa. Sitabiri atakalofanya nacho.